Msumari Wangu na Mlima wa Uskochi

Barking, London
Jumapili jioni, baada ya Pasaka

Kwa Dada Aikande,

Shikamoo, Dada. Naanza na adabu kwa sababu huko mbele itapungua, na sitaki useme London imenisahaulisha kuamkia wakubwa. Mimi mzima. Meno yote yapo, vidole vya miguu vyote vipo, na ukifika katikati ya barua utaelewa kwa nini nimevikagua. Nyie mnaendeleaje? Goti la Mama limetulia au bado linatabiri mvua? Na Baba, bado anakaa barazani kuwasahihisha wapagazi namna ya kufunga mizigo, wakati hakuna aliyemuuliza? Najua masika yamekushusha mlimani, wageni hakuna, upo nyumbani unachoma ndizi na kuwasema watu. Basi kaa vizuri, leo nakupa cha kusema.

Nimeandika kwa kalamu makusudi. Nikikutumia sauti kwenye simu wewe unaifungulia spika, unawakusanya wapagazi wote wa Marangu, halafu mnanicheka kwa pamoja. Barua utaisoma mwenyewe, na ukitaka kuwasomea itabidi uyatamke majisifu yangu kwa mdomo wako. Hiyo ndiyo raha yangu. Mama Shayo anakuja likizo, atakuletea hii pamoja na picha niliyoiweka kwenye bahasha ya pili. Usiifungue kwanza. Najua umeshaifungua.

Habari yenyewe ni ya ule msumari. Baba alipigilia misumari mitatu sebuleni. Wa kwanza una picha yake akiwa kileleni Kibo, bado ana nywele. Wa pili una yako, umeshika kiuno utafikiri mlima uliujenga wewe. Wa tatu ni wangu, hauna picha, Mama anautundikia ufunguo wa zizi. Sababu unaijua kuliko mtu yeyote, maana ulikuwepo: safari yangu ya kwanza ya upagazi, kichwa kikataka kupasuka pale kambi ya Horombo, nikatapika mpaka nikaona nyota mchana, nikateremshwa kwenye kile kitanda cha gurudumu moja, nimefungwa mikanda kama gunia la viazi. Na pale getini wewe, dada yangu wa tumbo moja, ukawaambia watoto wa shule wapige makofi. Tangu siku hiyo mimi ni Gurudumu. Hata mchungaji siku ya kuniaga nije huku alimwomba Mungu amlinde Gurudumu, na kanisa zima likaitikia amina.

Kwa hiyo nilipokuambia kwamba kabla masika hayajaisha nitakuletea picha nikiwa juu ya mlima wa theluji, ulicheka mpaka simu ikakatika. Nikaapa palepale kwamba ule ufunguo utahama.

Shangazi Ndeshi, ninayekaa naye hapa Barking, hakunielewa hata kidogo. Akaniuliza, mtu katoka mlimani, kapanda ndege, kafika London, kapata kazi, halafu anaomba likizo kwenda kutafuta mlima mwingine wenye baridi zaidi? Na kazi yenyewe unaijua: ghala la vyakula vya kugandisha, kutwa nipo ndani ya friza kubwa kuliko kanisa letu, nimevaa makoti mawili nasukuma masanduku ya samaki. Nikamwambia Shangazi, baridi ndiyo shule pekee niliyoimaliza. Akasema hiyo anaikubali.

Watu nilioenda nao ni hawa. Mkubwa wetu ni Sista Njeri, nesi kutoka Nyeri, kazi yake ni kupokea majeruhi hospitalini, na kila mapumziko anaongoza watu milimani. Hata kazi ya kuongoza wakati wa theluji ameisomea, miaka, ana cheti. Mwanamke huyo akikutazama tu unajikuta umefunga kamba za viatu. Wa pili ni Bwana Hasu, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, ana duka la nafaka na viungo kule Kingsbury. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwangu, na tangu utoto wake Kisumu anasikia habari za milima mikubwa wala hajawahi kufika juu ya hata mmoja. Huyo alikuwa na kiu. Halafu dada wawili wa Peckham, wanatunza wazee, wanyamavu mpaka waanze kucheka.

Usidhani tulikurupuka. Majira yote ya baridi Njeri alitufundisha kwenye ukumbi wa kanisa hapa Barking. Theluji ya kule, Dada, si kama ile ya Kibo iliyokaa pale kama mpangaji wa zamani. Mwezi wa tatu na wa nne inakuwa na vituko. Usiku ikiganda vizuri, asubuhi unatembea juu yake kama sakafu ya saruji. Jua likipanda inalainika, maji yanapenya kwa chini, matabaka yanaachana, na upande mzima wa mlima unaweza kuteremka nawe ukiwa ndani yake. Wanaochimbuliwa wazima ni wale waliochimbuliwa haraka na wenzao waliokuwa nao, siyo helikopta. Na mteremko wa kuogopa si ule uliosimama kama ukuta, maana huo theluji haikai sana, wala si tambarare. Ni ule ulioinama kama paa la kanisa, ule ule unaokuita njoo.

Ndiyo maana watu wa kule huondoka alfajiri na kurudi kabla jua halijakolea. Hapo nikanyoosha mkono nikasema haya kwetu tunayajua tangu babu, dada yangu anawaamsha wageni usiku ili wapande Kibo changarawe ikiwa bado imeganda. Njeri akasema vizuri sana, sasa shusha mkono.

Lakini kwenye kutafutana niliwaacha mbali. Kila mtu anavaa kifuani kifaa kidogo kinachotuma mlio, na ukifunikwa, wenzako wanageuza vyao visikilize, wanakufuata kwa mlio, wanachoma theluji kwa ufito mrefu wa kukunja mpaka waguse mwili, kisha beleshi. Tulifanya mazoezi kwenye bustani ya hapa Barking, kifaa kimefichwa ndani ya lundo la majani makavu. Watu na mbwa wao wakasimama kututazama. Mtoto wa Njeri, anayeelewa Kiswahili chote ila anajibu Kiingereza, akawa ananitangaza kama mpira redioni, nachimba pabaya, nachimba pabaya, Mungu wangu amekipata. Nilikipata wa kwanza mara zote isipokuwa ile ambayo Bwana Hasu alinikalia njiani. Andika hiyo kwenye kumbukumbu zako.

Basi Pasaka ikafika, tukaingia kwenye gari la dukani la Bwana Hasu, linanuka bizari, haoo mpaka Uskochi. Njia nzima mimi naimba habari za picha yangu. Niliwasimulia mpaka msumari, mpaka ufunguo wa zizi, mpaka jina la Gurudumu. Najua, nilijichimbia mwenyewe.

Tulilala kwenye nyumba ya kukodi chini ya mlima. Jioni Njeri akasoma taarifa ya hali ya theluji inayotolewa kule kila siku, akaipenda nusu. Upande wa mashariki usiguswe jua likitoka, upande wa kivuli unaruhusu kwa tahadhari, na ukingoni juu kuna theluji iliyojitokeza nje kama bati lililopita ukuta, usiisogelee kutoka juu wala usikae chini yake. Akasema tutapanda kwa mgongo wa mlima, na yote yatategemea usiku ukigandisha.

Usiku haukugandisha. Niliisikia mvua nyepesi juu ya paa. Halafu asubuhi Bwana Hasu hawezi kutoka bila chai ya tangawizi iliyochemka mara tatu, akajaza chupa mbili kubwa, akafunga chapati na achari kana kwamba tunahama. Tukatoka tumechelewa. Njeri alitazama mbingu.

Sasa nisikilize. Ule mlima si mrefu. Ukiuweka Marangu utaitwa shamba la mtu. Lakini una theluji mpaka chini, na upepo wake unauma masikio kama dada mkubwa. Nilipanda, Aikande. Kichwa hakikuniuma, tumbo limetulia, sururu ndogo mkononi, meno ya chuma kwenye viatu yanakwaruza mawe, na mbele naona kilele kabisa kabisa, cheupe, mbingu nyuma yake buluu. Nikaanza kuchagua namna ya kusimama kwenye picha. Nilikuwa nimeamua kushika kiuno kukuzidi wewe.

Tukafika penye kipande cha mteremko cha kukatiza, si kipana, kutoka mawe ya huku mpaka mawe ya kule. Njeri akachoma theluji kwa fimbo, akachimba kidogo, akasema tutavuka mmoja mmoja. Mkanda wa kifua wa begi ufunguliwe, hakuna anayeingia mpaka aliyetangulia afike kwenye mawe na ainue mkono, na sisi wengine macho yasimtoke. Akavuka yeye. Akainua mkono. Akaingia Bwana Hasu na mzigo wake wa chai.

Hajafika hata katikati, mguu ukazama mpaka gotini. Akautoa, wa pili ukazama. Akasimama anahema, begi limemvuta upande.

Dada, wewe utanielewa kuliko mtu yeyote aliyezaliwa London. Mgeni akiyumba, mpagazi hasubiri kuitwa. Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma: ukiona bega limelegea, nenda kachukue mzigo. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Sikuamua. Nilikuwa nimeshaingia kwenye mteremko, mkono umenyooka kwenda kwenye begi la Bwana Hasu, na tayari najisikia mtu wa maana.

Mlima ukaguna. Sina neno lingine. Sauti nzito chini ya nyayo zangu, kama mtu mnene ameketi kwenye godoro chumba cha chini, na theluji yote ikashuka kidogo sana, labda unene wa kidole, mimi nikiwa juu yake.

Njeri hakupiga kelele. Kutoka kule ng'ambo alisema kwa sauti anayoitumia, nadhani, kwa majeruhi:

"Ndesario. Simama. Usimguse. Geuka polepole, urudi kwa nyayo zako mwenyewe."

Nikarudi. Nilipofika kwenye mawe, akamrudisha na Bwana Hasu kwa nyayo zake naye, hatua kwa hatua, sisi tumemkodolea macho kama tunamshikilia kwa kope. Yeye mwenyewe akapanda juu akazunguka kwa mawe matupu mpaka akatufikia. Akaniambia, kwa upole ambao ulinitisha kuliko matusi, kwamba kule kwetu nikienda kumsaidia mtu nampunguzia uzito, hapa nilikuwa nauongeza. Nikainama nikakaza kamba za viatu.

Kilele bado kilikuwa pale. Ukifuata yale mawe aliyozungukia Njeri, unabakiwa na kipande kimoja tu cha theluji cha mwisho, upande wenye kivuli. Lakini jua lilikuwa limeanza kukigusa pembeni, na vidonge vya theluji vilikuwa vinajiviringisha kutoka juu, kimoja, kingine, kama maandazi yanayoanguka kwenye sinia.

Njeri akatuweka duara. Akasema ana lake moyoni, ila anataka kusikia letu kwanza.

"Kila mtu ana neno moja. Mmoja akisema turudi, tunarudi wote, na hakuna kumuuliza maswali."

Dada wa Peckham wakatazama viatu. Kila mtu anasubiri mwenzake awe mwoga kwa niaba yake. Bwana Hasu akasema kilele si kile pale, bana, akitupa jiwe linafika. Halafu akanigeukia mimi, akasema huyu mtoto wa Kilimanjaro kabisa tunaye hapa, aseme yeye.

Wakanitazama wote. Na mimi, Aikande, sikuona mlima. Niliona sebule ya Mama. Niliona ufunguo wa zizi unaning'inia, na wewe umekaa kwenye kiti cha mbao unasubiri, na watoto wa shule wamenyanyua mikono tayari kwa makofi. Nikajua nikisema lile neno, ndiyo mara ya pili, na mara ya pili haitafutika hata nizeeke.

"Mimi nasema turudi."

Bwana Hasu alinitazama kama nimemwibia. "Wewe? Si wewe uliyetuimbia toka Kingsbury kwamba utasimama juu?"

"Ni mimi."

"Na sasa unaogopa."

"Naogopa, Bwana Hasu. Usiku haukugandisha, wewe umezama mpaka gotini, na mlima umeguna nikiwa nimesimama juu yake. Jiwe ukilitupa linafika, sawa. Mimi si jiwe."

Njeri akainua mkono, akasema hakuna maswali, tumeelewana. Tukageuka.

Sasa ungekuwa wewe unasimulia, ungesema hapo hapo mlima ukaporomoka nyuma yetu, na Gurudumu akawa shujaa. Haukuporomoka. Tulishuka tukakaa kwenye jiwe kubwa, mbali na miteremko, tukanywa zile chupa mbili za chai, na mlima ukakaa pale mchana kutwa, mweupe, mpole, hakuna kilichoanguka hata kiasi cha kikombe. Nilikuwa nautazama kwa chuki. Nilitaka uanguke kidogo tu, pembeni, wanione. Nikamwambia Njeri. Akacheka, akasema eti ninataka risiti, na mlima hautoi risiti. Mwenye kurudi salama hajui kamwe kama alikosea au alipatia, ila anajua aliona nini wakati anaamua.

Halafu akaniambia jambo lingine. Yeye alikuwa ameshaamua kuturudisha tangu aliposikia ule mguno. Hata wote tungesema twende, asingetupeleka. Alitaka tu kuona nani atafungua mdomo.

Najua utakachosema. Kwamba basi neno langu halikubadilisha kitu. Sema. Lakini wakati nalisema sikujua hilo, na hakuna aliyejua isipokuwa Njeri, na nililisema mbele ya watu wanaolijua jina la Gurudumu. Wewe umefika Kibo mara nyingi kuliko nilizofika sokoni, lakini nijibu kwa haki: hilo neno umewahi kulisema kwa ajili yako mwenyewe, wakati kilele unakiona?

Bwana Hasu alinuna kikombe kizima. Kikombe cha pili akanimiminia mimi kwanza, kabla ya dada wa Peckham, na mtu wa Kisumu hafanyi hivyo bure. Baadaye akachukua simu yake atupige picha. Akatupanga tumeupa mlima mgongo, kilele juu ya kichwa changu kwa nyuma, vidole vya viatu vyetu vinaelekea bondeni. Akasema, "Tulia hapo katikati, Gurudumu. Hili la kwetu lina breki." Wale dada walicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye glavu zake. Ndiyo hiyo picha uliyoifungua bila ruhusa. Uso wangu umekunjamana kwa sababu ya jua, usiniambie nilikuwa nalia.

Na habari kubwa nimekuwekea mwisho, kwa sababu najua majisifu ukiyapata mapema unaacha kusoma. Majira ya baridi yajayo Njeri atanipeleka kwenye mafunzo ya kutambua theluji, na kuanzia sasa kundi likitoka, mimi ndiye wa nyuma kabisa: nawaona wote, na nikisema simama wanasimama. Mimi, niliyeachia shule kidato cha pili. Shangazi alipoambiwa alikwenda jikoni, akarudi na nyama niliyokuwa nimekatazwa kuigusa. Huko kazini nimewaambia wote, hata wale wasioelewa Kiingereza changu.

Msimu ukifunguka, Dada, utapata mgeni mbishi, kichwa kinamuuma, midomo imekuwa ya buluu, bado anakuambia amekuja kwa ajili ya kilele. Msimulie habari za mdogo wako. Na usimwambie mwanzo wake wa kitanda cha gurudumu moja. Au mwambie, sasa hivi hainiumi.

Nisalimie Baba, mwambie mafundisho yake ya mzigo yaliniingiza matatani na bado nayashika, ila siku hizi natazama kwanza nilipokanyaga. Msalimie mjomba fundi viatu, mwambie buti alizonishonea ndizo zilizofika mpaka pale palipoishia. Msalimie bibi mzaa Mama, na mchungaji, mwambie maombi yale yalisikilizwa, ila jina alirekebishe. Watoto wa shule wa getini usiwasalimie, waambie watunze mikono yao mpaka nirudi. Mama mkumbatie mpaka akufukuze.

Ukimaliza, twaa ile picha uitie fremu, uipeleke sebuleni msumari wa tatu, karibu na yako. Ufunguo wa zizi mwambie Mama autafutie mahali pengine.

Ni mimi mdogo wako mwenye vidole vyote,

Ndesario, Gurudumu lenye breki